Kitako cha chuma, kabari ya mfenesi

Nilikuja hapa kwenye maoni ya wateja kukipa alama kimota cha darubini nilichonunua, nimeshaamua: nyota moja. Mbili nikizidisha, kwa ajili ya mota peke yake. Sasa sina hakika, lakini hasira ningali nayo, basi nivumilieni.

Mie napiga picha za nyota. Vyombo vyangu si vya kuringia: kijidarubini cha kubeba kwa mkono mmoja, kamera ya mtumba, stendi ya miguu mitatu, na traka, kile kimota kinachozungusha darubini polepole kufuata anga ili nyota zisitoke michirizi. Hii traka niliagiza duka moja la nje, zamani kidogo, kwa sababu waliitangaza kuwa ni ya msafiri. Na kweli, yenyewe unaitia mfuko wa koti. Tatizo inakuja na kitako cha chuma cha kuilaza kwa pembe inayotakiwa, na kitako hicho ni kizito kuliko traka. Nikasema si neno, madhali kinafanya kazi.

Hakifanyi.

Mhimili wa traka lazima uelekee ncha ya anga, pale nyota zote zinapopazunguka, na kimo cha ncha hiyo juu ya upeo ni sawa na latitudo ya pale uliposimama. London ni nyuzi 51 na kitu. Mjini Unguja ni nyuzi 6, tena kwa upande wa kusini, yaani traka karibu ilale kabisa. Kitako kimechorwa namba mpaka sifuri, namba nzuri, za rangi nyeupe. Ukikishusha kikafika 11, mpini wa kukazia unagonga chuma, tak! Hapo ndio mwisho wake. Nikafupisha mguu mmoja wa stendi, stendi ikainama kama mlevi na darubini ilikuwa iende chini, nikaidaka kwa goti.

Nikawaandikia dukani, kwa adabu zote. Jibu likaja siku ya tatu: elekeza kitundu cha kuchungulia cha traka kwenye Polaris, kisha kaza. Polaris! Nyota ya jaa hiyo, manahodha wetu waliijua vizuri tu, na waliijua kuwa huioni mpaka uvuke ikweta kwenda juu. Hapa Unguja iko chini ya bahari saa zote, usiku na mchana. Nikawaeleza kuwa niko kusini, na kwamba nyota ya huku, Sigma Octantis, ni hafifu. Ikiwa nyuzi 6 tu juu ya maji, ndani ya ule ukungu wa chumvi, huipati kwa macho. Wakajibu maneno mawili: soma kitabu. Wallahi nilikisoma kitabu. Kina picha za mtu kavaa koti la baridi.

Kukirejesha, nauli ya posta ingekula nusu ya bei. Nikakibeba kwa fundi seremala ninayemjua, mzee mmoja wa makamo ya baba yangu. Akakigeuza geuza, akauliza, "Mwanangu, hiki chuma chote cha nini? Wewe si unataka kabari?"

Nikanyamaza. Kumbe ndiyo. Aliye Ulaya leo yuko hapa, kesho kule, anahitaji kitako cha kupanda na kushuka. Mie safari zangu ni Unguja na Pemba, tofauti haifiki hata nyuzi mbili. Fundi hana kipimo cha pembe, nikampa sentimita: urefu 10, upande mmoja uzidi kimo kwa 1 na ushei. Hiyo ndiyo nyuzi 6. Akachonga kwa kipande cha mfenesi, akatoboa tundu la bolti, akakataa pesa, akachukua soda.

Kitako kimebaki uvunguni. Kile chuma cha uzani, cha kusawazisha uzito wa darubini, nacho nimekiacha, chupa ya maji ya lita moja ni kilo moja ile ile, naifunga kwa raba ya baiskeli. Mwavuli wa darubini, lile bomba la mbele la kukinga kioo, naufungua natia soksi ndani, kamera naizungushia kikoi. Begi moja la mgongoni. Nilipokwenda Kigomasha msimu wa kusi, nikapanda boti, daladala mpaka Konde, bodaboda kupitia msitu wa Ngezi, na hakuna bawabu aliyenidai pesa ya mzigo. Kule ni karibu nyuzi 5, nikachomeka kadibodi ya milimita 2 upande wa chini, basi. Kwa vile nyota ya ncha siipati, nikatafuta ncha kwa kutazama nyota inahamia wapi kwenye kioo cha kamera, nikasogeza, nikatazama tena, saa nzima hiyo. Kisha nikapata M8, wingu la gesi kwenye kundi la nyota la Mshale, picha za dakika nzima nzima, nyota zimetulia kama punje za mtama.

Kwa hiyo mota nyota nne. Tano, haki ya Mungu, mota haina kosa. Halafu nakumbuka "soma kitabu" narudi kwenye mbili.

Na kabari nayo isijione. Masika yalipoanza ikavimba, bolti haipiti. Fundi kaniambia niipake sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka majahazi. Imetulia sasa. Ila begi linanuka, na kwenye boti watu wananipisha kiti.