Eddie na Ernie ndani ya lori langu

Huu mwaka wa 9 naishi Phoenix, Arizona, na kazi yangu ni lori: Los Angeles kwenda na kurudi. Siku zote hizo sikujua kama mji huu uliwahi kutoa waimbaji wa soul, ule muziki wa Wamarekani weusi wenye asili ya kanisani. Watu hutaja Detroit, hutaja Memphis. Phoenix kwangu ilikuwa joto na foleni. Hadi nilipoiokota CD ya Eddie & Ernie, Lost Friends, kwenye duka moja la mitumba. Dola 7, kasha limepasuka.

Ni mkusanyiko uliotolewa mwaka 2002 na Kent, lebo ya Ace Records ya London. Yaani watu wa hapa hapa Phoenix, wa kuwakusanya mpaka watoke Uingereza! Eddie Campbell na Ernie Johnson walirekodi santuri ndogo ndogo, za wimbo huku na wimbo huku, miaka ya 60 hadi mwanzoni mwa 70. Time Waits for No One ndio ulioingia kwenye chati ya R&B ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, mwaka 1965.

Usiusikilize huo ukiwa na haraka. Unakwenda taratibu, wa kikanisa kabisa, na wale wawili hawapeani zamu kistaarabu. Mmoja hajamaliza neno, mwenzake keshalidaka na kulipandisha. Wiki ya kwanza nilikuwa nachanganya sauti zao. Mimi mtu wa Tanga, nimekua na nyimbo za ndugu Wilson na George Kinyonga wa bendi ya Simba Wanyika, na kule sauti zinalala pamoja, laini, gitaa likijibu. Hawa wanagombania wimbo. Nilipoanza kuzoea ndipo nikaona kwamba utamu wenyewe uko kwenye ule ugomvi.

Outcast ni kitu kingine, unachemka, mguu unakanyaga mafuta wenyewe. Wapenzi wa roki huenda wanaujua bila kuwajua wenyewe, maana The Animals, bendi ya Uingereza, waliurekodi 1966. Bullets Don't Have Eyes nao ulinishika. Jina tu, risasi hazina macho, ni kauli ambayo ungeisikia barazani kwetu kutoka kwa mzee yeyote.

Kuna nyimbo za kujaza pia, sitadanganya. Ukisikiliza CD nzima kwa mkupuo, kilio kinakuwa kingi: kaniacha, nimebaki, nalia. Mimi huigawa. Nusu nasikiliza hadi Quartzsite, karibu na mpaka, ninapojaza mafuta, nusu nikishaingia California. Na sauti ya rekodi si ya kung'aa, ngoma mahali pengine zinasikika kama ziko chumba cha jirani. Hilo halinikeri.

Kilichonikera ni muuza duka, aliyeniapia kuwa diski ni safi. Ina mkwaruzo, na katikati ya It's a Weak Man That Cries inaanza kurukaruka, nikamsikia mwanamume analia silabi moja mara sita. Nilipoirudisha akaniambia vya mitumba havirudishwi. Haya bwana.

Nimeshaagiza nyingine, mpya, kwa bei mara mbili. Ile yenye mkwaruzo kaichukua dereva mwenzangu wa Kigoma, anasema palipokwama ndipo anapopapenda.