Bigijii zisizo na sukari: ipi inafaa meno zaidi?

Usinunue kwa kuangalia tu maneno "bila sukari" yaliyoandikwa mbele. Geuza pakiti usome viambato. Huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi, kwa hiyo kitamu kinachotangulia ndicho unacholipia.

1. Zailitoli ikitangulia (kwenye pakiti huandikwa Xylitol, au kwa namba yake, E967). Kwangu hakuna inayoifikia. Bakteria waozeshao meno, hasa Streptococcus mutans, hula sukari wakatoa asidi inayomomonyoa jino. Zailitoli nayo huiingiza mwilini mwao, ila hawawezi kuimeng'enya: hutumia nguvu kuipokea, hutumia nguvu kuitoa, wakaambulia patupu. Ukiitafuna kila siku kwa wiki kadhaa, idadi yao hupungua kwenye mate na kwenye ukoga. Watafiti wa Turku, Ufini, walianza kuonyesha faida zake kwa meno miaka ya 1970. Kiasi kinachopendekezwa ni kama gramu 5 hadi 6 kwa siku, zikigawanywa mara tatu au zaidi, hivyo tafuta pakiti inayotaja gramu za kila kipande. Zailitoli ikiwa mkiani mwa orodha, usikubali kutozwa bei ya juu kwa ajili yake. Anzia duka kubwa la dawa au supamaketi. Kwa Mangi ni nadra kuipata.

2. Sobitoli ikitangulia (E420). Ndizo nyingi madukani, na bei yake ni nafuu. Bakteria huimeng'enya polepole sana, kwa hiyo asidi ni kidogo. Kazi kubwa hapa hufanywa na kutafuna kwenyewe: mate humiminika, yakasafisha kinywa na kupunguza makali ya asidi. Tafuna dakika 20 baada ya kula. Ni chaguo zuri kabisa kwa mfuko wa kawaida.

3. Ubani wa kutafuna, kama ule wa Oman. Hauna sukari na huleta mate, lakini ushahidi wake dhidi ya bakteria ni mdogo kuliko wa zailitoli.

4. Zenye sukari, zikiwemo za watoto za kupuliza. Kwa meno, ziache dukani.

Mswaki na dawa ya meno yenye floraidi vibaki palepale. Ukizidisha vitamu hivi, tumbo litaharisha. Mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi, aepuke zenye kitamu kingine kiitwacho aspatamu (E951). Na kama nyumbani mna mbwa, fungieni pakiti kabatini: zailitoli kidogo tu huweza kumuua.