Uzoefu wangu: kubadili mkanda wa pikipiki ya theluji ya milimani

Pikipiki ya theluji haina gurudumu la nyuma; inasukumwa na mkanda mpana wa mpira wenye meno marefu yanayochota theluji. Mkanda wangu wa zamani ulinionya mapema. Msimu mmoja uling'oka meno matatu. Uliofuata zikavunjika fito mbili za faibaglasi zilizolala ndani ya mpira, na nyuzi zikaanza kuchungulia pembeni. Siku moja kule Boulder Mountain, nje ya mji wa Revelstoke, British Columbia, Kanada, niliilaza pikipiki ubavu kuondoa barafu, nikaona mpasuko wa urefu wa kiganja. Niliteremka polepole hadi kwenye gari, roho juu. Mkanda ukikukatikia huko juu unabaki na chuma cha kilo 200 na zaidi kwenye theluji ya kifuani, na Januari ikifika saa kumi na moja jioni giza limeshaingia.

Nikaingia sokoni. Pikipiki yangu ina mkanda wa upana wa inchi 15, mzunguko wa inchi 154, meno ya inchi 2.25. Muuzaji mmoja hapa Calgary akanipa wa 153 kwa bei nzuri, akisema inchi moja hiyo nitaimaliza kwa kulegeza na kukaza ekseli ya nyuma. Nikalipa.

Aliyeniokoa ni rafiki yangu fundi, mtu wa Bukavu, ambaye alikuja gereji Jumamosi kunisaidia. Aliutazama mkanda mpya uliotandazwa sakafuni akauliza, "Kaka, umehesabu madirisha?" Madirisha ni yale matundu ambamo meno ya sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayozungushwa na injini, huingia kuuvuta mkanda. Tukaweka futi kwenye ukingo wa dirisha la kwanza hadi ukingo wa dirisha la kumi na moja. Wa zamani: inchi 28.6. Mpya: inchi 30 kamili. Kila dirisha lilizidi kwa 0.14 ya inchi, karibu milimita tatu na nusu, na sproketi haijui kusamehe milimita tatu na nusu. Wangu una madirisha 54 yaliyoachana kwa inchi 2.86, ule ulikuwa na 51 yaliyoachana kwa inchi 3. Kulegeza ekseli hakubadilishi hilo hata kidogo. Nikaurudisha, na gharama ya usafirishaji ikawa juu yangu. Jambo hilo liliniuma, maana namba hiyo ndiyo ya kwanza ambayo muuzaji wa vipuri alipaswa kuniuliza.

Baada ya hapo nikaanza kutamani meno ya inchi 3. Kila ninayepanda naye anayataka, na kwenye theluji laini ya milima ya Monashee yanachota kama makasia. Lakini mpira una uzito, na injini ndiyo inayouzungusha. Yangu ni ya cc 800, na kule tunakopanda, juu ya mita 1,800, hewa ni nyepesi na nguvu inapungua wazi. Tena, juu ya mkanda, chini ya kiti, kuna rejeta zinazopoza maji ya injini. Meno marefu yakizigusa yatazikwangua mpaka zitoboke. Ili yapite ningelazimika kufunga sproketi ndogo zaidi, zenye jino moja pungufu, halafu nibadili na gia za cheni ili nisipoteze mwendo. Nilipojumlisha yote hayo niliona si mkanda tena ninaonunua.

Nikachukua Camso wa meno ya inchi 2.5, madirisha ya 2.86. Camso ndiyo ile iliyoitwa Camoplast zamani, kampuni ya Quebec, na Michelin iliinunua mwaka 2018. Bei ilizidi dola 1,000 za Kanada.

Kufunga kulichukua siku nzima. Bolti nne za sasipensheni, kumwaga oili ya boksi ya cheni, kuchomoa ekseli ya mbele, kisha kurudisha vyote. Angalieni mshale wa upande wa mzunguko kabla ya kuuingiza! Kukaza tulifuata kitabu cha pikipiki: unaning'iniza uzito katikati ya mkanda na kupima umeshuka kiasi gani. Halafu tukainua nyuma, tukazungusha taratibu na kunyoosha kwa robo mzunguko wa spana, kushoto, kulia, mpaka ukakaa katikati ya reli ambazo mkanda huteleza juu yake. Baada ya safari ya kwanza ulikuwa umelegea, tukakaza tena.

Msimu mmoja umepita. Kwenye theluji mbichi inayofika magotini tofauti niliiona tangu siku ya kwanza: kwenye mteremko ambao zamani nilikuwa nachimba shimo na kuzama nyuma, sasa pikipiki inainuka na kwenda. Kugeuka ubavuni mwa mlima ni kulekule, sikuona nafuu. Kwenye njia ya kupandia iliyoshindiliwa na kuwa ngumu, meno hujikunja na unausikia mtetemo kwenye mikono. Huko pia reli za plastiki hupata joto haraka kwa kukosa theluji ya kuzipoza, kwa hiyo nashusha vile vyuma vya kukwaruza barafu ili virushe chembechembe ndani. Mwezi Aprili nilikagua fito zote kwa kuzipinda kwa mkono, moja baada ya nyingine. Hakuna iliyovunjika, na meno yote yapo.

Kama pikipiki yako ina injini kubwa zaidi na nafasi ya kutosha chini ya rejeta, chukua inchi 3 bila wasiwasi. Kwa yangu, 2.5 ingekuwa chaguo langu tena kesho.