Pampu ya mkono ya kunyonyea oili ya haidroliki: nilivyoitumia kwenye trekta langu Muheza

Chini ya mchungwa mmoja hapa nyumbani Muheza pana kiraka cha ardhi ambacho hakioti hata jani. Kilitokana na oili ya trekta langu, mwaka jana. Fundi alilala chini, akalegeza kwa spana kizibo cha haidroliki (mfumo wa oili unaonyanyua jembe), na kilipochomoka tu oili ikashuka kwa mkupuo. Trekta ni la zamani, gia na haidroliki zinatumia oili moja, na ndani mna zaidi ya lita 30. Ndoo tuliyotega ilikuwa ya lita 20. Ikishajaa huwezi kuivuta bila kumwaga, na kizibo hakirudi kwa sababu oili inakuteremkia mkononi hadi kwapani. Kuku wakapita humo humo, wakaingia nayo jikoni. Kisima changu kiko hatua chache kutoka pale. Usiku ule sikulala vizuri.

Ndiyo maana mwaka huu, kabla ya kulima kwa ajili ya vuli, nilishuka Tanga mjini, nikazunguka maduka ya Ngamiani mpaka nikapata pampu ya kuzungusha kwa mkono, ile ambayo watu huifunga juu ya pipa la lita 200. Bei yake haikufika ya dumu moja la lita 20 la oili mpya. Ni chuma kizito, ina mkono wa kuzungushia, upande mmoja unanyonya na mwingine unatema. Mimi siifungi kwenye pipa: nimeikaza kwenye kipande cha ubao, mpira wa kunyonyea nautumbukiza kwenye tundu la kujazia oili la trekta, na wa kutolea unaingia kwenye dumu.

Siku ya kwanza tulianza alfajiri, oili ikiwa imelala usiku kucha. Mkono ulikuwa mzito kama mwiko kwenye sufuria la ugali wa harusi, na kilichotoka kilikuwa uzi mwembamba tu. Fundi akaniambia, "Mama, hii tuipashe kwanza." Tukawasha injini, tukanyanyua na kushusha jembe kwa muda wa robo saa hivi, kisha tukalishusha hadi chini kabisa, tukazima na kuweka mawe kwenye magurudumu. Hapo pampu ilikuwa kitu kingine. Oili ilitoka bila kukatika, dumu la kwanza likajaa, kijana akasimamisha mkono, tukahamisha mpira kwenye dumu la pili, tukaendelea. Huko kusimamisha ndiko nilikokulipia hela yangu. Oili isiwe ya moto wa kuunguza, iwe vuguvugu ya kuvumilika mkononi.

Lawama yangu iko kwenye mpira uliokuja na pampu. Ni laini na mwepesi. Oili vuguvugu ikaulegeza, na kila tulipozungusha ukabonyea katikati kama mrija ulioumwa na mtoto. Muuzaji alinihakikishia kwamba unafaa kwa oili yoyote. Haufai. Nilinunua mita mbili za mpira wenye waya ndani, nikafunga kwa klipu za chuma, na kwenye nyuzi za pampu nikazungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba, kwa sababu ilikuwa inavuta hewa na kutoa povu. Anayenunua ahesabu gharama hiyo tangu mwanzo. Pia mimina oili kidogo ndani ya pampu kabla ya kuanza. Ikiwa kavu inazunguka bure.

Na isikudanganye kwamba kizibo cha chini hakifunguliwi tena. Mpira haufiki kila kona, na uchafu mzito unakaa chini kabisa. Baada ya kunyonya tulifungua kizibo, zikatoka kama lita nne, zote ndani ya beseni moja. Zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hayo ni maji: trekta lililala nje masika nzima na mpira wa kwenye mkono wa gia umepasuka. Kwenye sumaku ya kizibo palikuwa na tope jeusi la chuma, laini kama wanja, bila vipande vikubwa. Ningenyonya tu na kujaza oili mpya, maji yale yangebaki kula pampu ya haidroliki. Tulisafisha chujio, tukaweka oringi mpya (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja), mpira wa gia nao ukabadilishwa.

Faida ambayo sikuitegemea ni kipimo. Madumu yana alama, kwa hiyo nilijua oili iliyotoka ni kiasi gani na ninunue kiasi gani. Oili chafu imefungwa kwenye madumu yake, nitaipeleka mjini kwa wanaoikusanya. Jirani aliiomba apake nguzo za banda dhidi ya mchwa, nikakataa, banda lenyewe liko upande wa juu wa kisima chake.

Naipa nyota nne, ya tano imebebwa na ule mpira. Ukimaliza kazi, zungusha pampu mpaka iishe oili, ipanguse, kisha funga midomo yote miwili kwa nailoni na kamba ya mpira. Vumbi letu hili jekundu likiingia mle, safari ijayo utalipampu moja kwa moja ndani ya oili mpya.