Mota ya LEGO ama N20 na breketi ya kuprinti?

Hapa Kisumu watu wanaounda gari za LEGO huniuliza hii sana: waweke mota ya LEGO yenyewe, ama N20, ile mota ndogo ya gia, ikishikwa na breketi ya kuprinti kwa printa ya 3D? Kwa bei N20 inashinda mbali, na ikiungua unabadilisha mota tu, breketi inabaki. Kazi iko kwa vipimo: matundu ya LEGO yanaachana milimita 8, tundu lenyewe 4.8, na printa nyingi hutoa tundu likiwa dogo kidogo, kwa hivyo mimi huchora 5 halafu naprinti kipande cha kujaribu kwanza. Na PLA, plastiki ya kuprintia, hulegea kwa digrii kama 60, usiache hiyo gari ya LEGO juani kwa dashibodi! Mota ya LEGO inaingia tu bila kusumbua, lakini ni nene na ni ghali. Gari ikiwa ya mtoto, chukua hiyo. Kama gari ni ndogo na uko na printa karibu, weka N20.