Maksai au trekta, dizeli inapopanda bei?

Kila dizeli inapopanda bei, swali hurudi: turudi kwa maksai au tubaki na trekta?

Kwa kasi hakuna ubishi. Trekta humaliza ekari kwa saa moja au mbili. Jozi ya maksai huhitaji siku nzima au mbili, maana wakilima saa tano au sita wamechoka. Mvua zikiwa fupi, tofauti hiyo ndiyo mavuno yenyewe.

Gharama ni habari nyingine. Trekta likilala halinywi mafuta; maksai hula kila siku, kazi iwepo isiwepo. Lakini malisho utayapata shambani mwako, dizeli hutaipata. Tena maksai hukupa samadi, na akizeeka bado anauzika.

Wengi husahau hili: msimu wa kulima huja mwisho wa kiangazi, ng'ombe wakiwa wamekonda, mbavu zinahesabika. Usipoweka akiba ya mabua mapema, utawafunga nira wanyama wasio na nguvu. Na kila jioni pitisha kiganja shingoni. Ukihisi joto au uvimbe, wapumzishe kabla hapajawa kidonda. Trekta nalo hudai oili, chujio safi na fundi, na kipuri kikikosekana katikati ya msimu, shamba linasubiri.

Mwenye ekari mbili tatu na malisho, ningemwambia achukue maksai. Mwenye ekari thelathini, au asiye na mchungaji, trekta, hata la kukodi. Wa katikati akodi trekta la kulimia, maksai awaachie palizi na mkokoteni.