Duka la mbegu lililonikatalia nyanya

Desemba ya mwaka jana, mvua ikiwa imeshakolea hapa Tabora, nilitoka Isevya na elfu kumi yangu hadi duka moja la pembejeo jirani na Soko Kuu. Nilitaka mbegu za nyanya. Kijana wa kaunta akaniuliza, "Mama, utazifunika na nini?" Nikamjibu nizifunike za nini na mvua ya bure inanyesha. Akairudisha pakiti kwenye shubaka. "Leo chukua bamia na maboga. Nyanya njoo mwezi wa tatu, uanze kitalu."

Nilinuna. Huyo mtoto ningeweza kumzaa. Ila bamia nilichukua, na jirani yangu aliyeuziwa nyanya kwingine wiki ileile alinifundisha kwa macho yangu. Majani yake yalianza madoa kama yamemwagiwa maji ya moto, yakawa meusi, shina likafuata, na kabla mwezi haujaisha alikuwa anang'oa. Ndiyo ile bakajani ya mvua. Unyevu ukikaa kwenye majani usiku kucha, huiwezi kwa dua.

Nimenunua pale mwaka mzima sasa. Duka lenyewe ni dogo, lina giza, harufu ya dawa inakupokea tangu mlangoni. Kinachonirudisha ni kipande cha boksi kilichopigiliwa ukutani juu ya mabomba ya kupulizia, kimeandikwa kwa kalamu nene miezi yote kumi na miwili. Si kalenda ya kwenye pakiti, ambayo unaona kabisa aliyeiandika ana mvua mbili kwa mwaka. Sisi tuna moja, inaanza Novemba na kuaga Aprili, halafu ni vumbi mpaka mnakutana tena.

Kwa boksi lile, masika ni ya bamia, kunde, maboga na mlenda, na mchicha juu ya tuta lililoinuliwa. Katikati ya Machi unasia nyanya, bilinganya na hoho, ili wiki nne baadaye miche iingie shambani mvua ikiwa inaondoka lakini ardhi bado ina maji. Mei hadi Agosti, ule ubaridi wa asubuhi, ndiyo zamu ya chinese, sukuma, karoti na kabichi. Septemba na Oktoba ameandika neno moja kwa herufi kubwa: PUMZIKA. Nililicheka. Oktoba ilipofika, jua likiwaka na bili ya maji mkononi, nikabaki na matembele yanayokunywa maji ya bafuni, na nsansa, yale majani ya kunde niliyoanika tangu kunde zilipokuwa tele. Hizo nsansa boksi halikuzitaja. Hayo ni ya mama mkwe.

Nyanya za Machi nilipewa aina ya Tanya, pakiti iliyofungwa yenye lebo ya TOSCI, wale wa serikali wanaothibitisha ubora wa mbegu. Kabla ya kunikabidhi akauliza, "Nyumbani nani anavuta?" Nikashangaa, yanamhusu nini? Baba watoto anavuta, na msimu wa tumbaku huwa anashinda Urambo akipanga majani. Kijana akasema tumbaku na nyanya ni ukoo mmoja, kuna ugonjwa wa virusi unaotoka kwenye majani ya tumbaku ukasafiri na vidole hadi kwenye mche, majani yanapata mabaka na kujikunja. Asiguse miche bila kunawa kwa sabuni. Tangu siku hiyo mzee hakanyagi bustanini, na nashuku amefurahi.

Mwezi wa saba nilikuwa navuna sado mbili kwa wiki kutoka kwenye matuta matatu. Agosti kantangaze, yule mdudu wa nyanya, akaja, akaanza kuchora njia zake ndani ya majani. Nilikwenda dukani nikiwa tayari kununua dawa. Kijana akaniambia kwanza nichume majani yote yaliyochorwa na matunda yaliyotobolewa, nifukie kwenye shimo refu, nirudi baada ya wiki. Muuza dawa anayekwambia subiri, mimi namwandikia nyota.

Sasa nyota ninayoizuia. Mwenye duka, ambaye si huyu kijana, anauza mbegu za kupima kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililofunguliwa sijui lini. Bei inavutia. Nikachukua vitunguu, nikasia tuta zima, vikaota vya kuhesabu. Kurudi, naambiwa, "Mama umefukia sana." Nimelima tangu sijaolewa! Nikaenda nyumbani nikahesabu mbegu ishirini, nikazikunja kwenye kitambaa kibichi, nikafunika na sahani. Siku ya kumi zilikuwa zimeota tatu. Nikakipeleka kitambaa chenyewe, nikakikunjua juu ya kaunta mbele ya wateja. Pakiti mpya nikauziwa nusu bei, samahani sikuisikia. Mbegu ya kitunguu haina subira, ikikaa wazi mwaka mmoja tu nguvu imekwenda, kwa hiyo kopo lile lina kesi ya kujibu. Mbolea ya kupima nayo iacheni. CAN waliyonifungia kwenye mfuko mwepesi ilikuwa uji kabla sijaitumia.

Jambo lingine, boksi halisemi lolote kuhusu mchwa. Nilitandaza nyasi kavu kwenye matuta kama nilivyoshauriwa, mchwa wakashukuru, wakala nyasi, wakageukia mashina ya hoho. Sasa natandaza kidogokidogo, mbali na shina, na samadi naweka iliyooza kabisa. Udongo wetu wa kichanga bila samadi unapitisha maji kama chekecheo.

Nyota nne. Nendeni asubuhi kabla ya saa nne, na epukeni Oktoba na Novemba wakulima wa tumbaku wanapojaa kuulizia mbolea, maana mnunuzi wa pakiti moja hatazamwi. Muulizieni kijana. Akiwa hayupo, someni boksi, na mkiona mkono unaelekea kwenye kopo, semeni mnataka iliyofungwa.